A ya hesabu, halafu?

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Kijana wangu yuko kidato cha nne, hesabu anapata A karibu kila mtihani na anataka kusomea akchuaria, zile hesabu za bima, chuo kikuu. Sasa mwalimu wa tuisheni hapa mtaani ameniambia nilipie kalkulasi ya chuo likizo yote, ati bila hiyo ataanguka mwaka wa kwanza. Nilipe ama ni pesa ya bure?
Mama Kijana, Umoja

JIBU: Mama Kijana, hongera, lakini hiyo pesa ishikilie kwanza. Kalkulasi ya chuo ataanzishiwa hukohuko. Wale wanafunzi wangu wa zamani hunipigia simu mwaka wa kwanza wakilia, shida huwa ni aljebra, mtoto anadifarenshieti, ile hatua ya kalkulasi, sawasawa halafu akifika pa kurahisisha anakata vitu havikatwi, unampa (x + 3)/3, ambapo 3 ya chini inagawa x pia, anafuta 3 juu anafuta 3 chini anabaki na x, na ana A!

Halafu kuna hii inaniudhi. Sehemu ya pili ya pepa ya hesabu ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ina maswali 8, unachagua 5, kwa hivyo wajanja wanapanga mapema mada za kuruka. A inakuja, sikatai. Lakini muulize kijana yeye huruka gani. Akisema longitudo na latitudo, hiyo si shida, mwache. Akisema probabiliti hapo mna kazi, kwa sababu akchuaria ndiyo hiyo: kampuni ya bima inataka kujua mtu wa miaka 40 ana uwezekano gani wa kufa kabla afike 60, ndio ijue itamtoza ngapi kwa mwezi.

Jioni moja mpe karatasi tupu. Aanze na ax² + bx + c = 0 afike kwa ile fomula ya kwadratiki, ile ya kutafuta x, mwenyewe, bila kitabu, akikueleza kila hatua kwa Kiswahili cha nyumbani. Hata kama hesabu uliiacha shuleni, utajua tu, anayeelewa haharakishi maneno na hasemi "hivyo ndivyo tulifunzwa".

Akifika, mwache alale likizo. Akikwama pale pa kukamilisha mraba, ile hatua ya katikati ya kufikia fomula, sasa lipa, lakini lipia aljebra na probabiliti, na umwambie huyo mwalimu asimletee past pepa zingine, hizo ameshazimaliza.