Ada ya mkazi, ada ya mgeni: maswali yenu kuhusu vyuo vya umma Marekani

Binti yangu yuko darasa la 12 hapa Houston, kapata 1450 kwenye SAT. Berkeley watamchukua? – Mama, Houston

Hongera, mama, ila Berkeley hawataiangalia hiyo 1450. Vyuo vyote vya University of California, Berkeley kikiwemo, vimeacha kutumia SAT na ACT, mitihani ya kitaifa ya kuombea vyuo, katika udahili. Wanasoma alama za darasani na majibu manne mafupi anayoandika kwenye maombi, kila moja lisizidi maneno 350. Huko ndiko aweke nguvu. Tena yeye ni wa jimbo jingine: Wakalifonia wanaruhusiwa kuomba wakiwa na wastani wa alama za darasani (GPA) wa 3.0, yeye lazima afikishe 3.4, na nafasi za wageni, yaani wanaotoka nje ya jimbo, zina kikomo tangu 2017.

Kwenu Texas je? UT Austin, chuo kikuu cha umma cha huko, wamerudisha mtihani kwa wanaoingia kuanzia 2025, kwa hiyo alama zake zina kazi. Akiwa katika asilimia 5 ya juu shuleni kwake, sheria ya Texas inampa nafasi moja kwa moja kuanzia udahili wa 2026. Nafasi ya chuo tu, lakini. Kozi ya kompyuta ataigombania na wenzake.

Nikimpeleka mwanangu akae kwa mjomba wake Los Angeles mwaka mmoja, atalipa ada ya mkazi? – Baba, Columbus

Usijisumbue, ndugu yangu. Akiwa bado anakutegemea, wanauliza wewe mzazi unaishi wapi na unalipa kodi jimbo gani. Angesoma sekondari California miaka mitatu na kuhitimu hukohuko, hapo kuna msamaha wa ada ya mgeni, ambayo ni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida.

Kwa nini chuo cha umma kibague watu wa nchi moja? – Msomaji, Minneapolis

Kwa sababu wanaokichangia kwa kodi ni wa jimbo. Chuo cha umma cha Chapel Hill, kule North Carolina, wamewawekea wageni kikomo cha asilimia 18 ya wanaoanza tangu miaka ya 1980. Mimi sioni ubaguzi hapo. Ubaya ni pale chuo kinapowafukuzia wageni kwa ajili ya ada yao, huku watoto wa jimbo wakikosa nafasi.

Niko Mwanza, nimemaliza kidato cha sita. Lazima nifanye SAT?

Georgia Tech na University of Florida, ndiyo. California, hapana. Mtihani wa Kiingereza ni suala jingine, na ada utalipa ya mgeni kote huko.