"Mwalimu Hafundishi, Anatuuliza Maswali Tu"

Barua za wazazi na walimu zinajibiwa na mwalimu mstaafu wa hisabati, Arusha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwaka jana alikuwa shule ambayo mwalimu wa hisabati anajaza ubao, wao wananakili. Daftari lake lilikuwa safi hata nikawa nalionyesha kwa wageni. Januari tulimhamishia shule nyingine, hapa hapa Moshi. Huku mwalimu anauliza swali, anawaacha wabishane wawili wawili, kisha ndiyo anaeleza. Daftari halina kitu. Mtoto kila siku analalamika: "Mama, mwalimu hafundishi, anatuuliza maswali tu." Baba yake anataka arudi alikotoka kwa sababu mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa. Nimrudishe? — Mama N., Kiboriloni

JIBU: Marahaba, mama N. Usimrudishe bado, na daftari lisiwe sababu kabisa.

Binti yako hasemi uongo. Anaona kweli kwamba hafundishwi, na wapo wengi walioona hivyo kabla yake. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fizikia. Mada ni ile ile. Kundi moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari, jingine likahangaika na maswali kwanza huku mwalimu akisaidia. Walipopewa mtihani, waliohangaika walifanya vizuri zaidi. Walipoulizwa kila mmoja anaona amejifunza kiasi gani, waliosikiliza mhadhara ndio walioona wamejifunza mengi zaidi. Maelezo mazuri yanateleza kichwani bila kukwama popote, na mtoto anadhani huko kuteleza ndiko kuelewa. Ukibebwa na bodaboda kutoka stendi hadi Soweto hapo Moshi unafika salama, lakini kesho ukiambiwa umwelekeze mgeni njia, unaanza kubabaika.

Nikuonyeshe swali moja nililolipenda sana darasani. Gauni la mtumba pale soko la Memorial linauzwa shilingi 10,000. Muuzaji anapandisha bei kwa asilimia 20. Wiki inayofuata, wateja wakipungua, anashusha kwa asilimia 20. Je, bei imerudi pale pale? Darasa zima huitikia ndiyo, tena kwa sauti. Ningekuwa nimeandika jibu ubaoni, wangenakili na tungeendelea. Badala yake nawaambia kila mmoja amshawishi jirani yake. Dakika mbili kelele tupu, kisha unamsikia mmoja nyuma: "Subiri, asilimia 20 ya nini?" Hapo ndipo somo linapoanza. Bei ilipanda ikafika 12,000, na asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, kwa hiyo gauni sasa ni 9,600. Mtoto aliyebisha kwa nguvu kwamba ni 10,000 hasahau tena, kwa sababu ameona mwenyewe ni wapi fikra yake ilikatika.

Sasa, baba yake naye ana hoja, na nisingependa aonekane amekosea. Maswali na vikundi vinaweza kuwa uvivu wa mwalimu uliovikwa nguo nzuri. Tangu mtaala wa 2005 uliposisitiza umahiri, nimeingia madarasa mengi ambako "ushirikishwaji" maana yake ni watoto sita kuzunguka karatasi moja, mmoja anaandika, watano wanatazama, mwalimu yuko ofisini. Hakuna anayejifunza hapo zaidi ya huyo mwandishi. Tena, mada ikiwa mpya kabisa, kumwachia mtoto agundue mwenyewe ni kumpotezea muda. Mwanasaikolojia John Sweller wa Australia alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba anayeanza aljebra hunufaika zaidi akisoma kwanza mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kuliko akirushiwa maswali matupu. Kwa hiyo ubao una kazi yake. Mwalimu mzuri anaonyesha mifano miwili mitatu, anaacha hatua moja wazi waijaze wao, kisha anawaachia swali zima. Huyo wa ubao mtupu na huyo wa vikundi vitupu, wote wawili wamefanya nusu ya kazi.

Na kuna jambo la lugha, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari anakuta hisabati kwa Kiingereza. Ukimwambia ajadili kwa Kiingereza, atanyamaza, nawe utasema hajui. Muulize binti yako: wakibishana wawili wawili, wanaruhusiwa kutumia Kiswahili kabla ya kuandika jibu kwa Kiingereza? Kama hawaruhusiwi, basi ukimya wake una sababu, na hilo nenda ukalizungumze na mwalimu bila kuogopa.

Ukifika shuleni omba kukaa nyuma kipindi kimoja. Uangalie kinachotokea mtoto anapotoa jibu la ajabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu, aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake akaambiwa amechanganyikiwa. Hakukubali. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alirudia swali lile kwa Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu kwenu. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lile mpaka leo. Mwalimu wa binti yako akisikia swali la ajabu akasema "hebu tuone," mwache mtoto hapo hapo.

Nyumbani, kila Ijumaa mwambie afunge daftari, achukue karatasi nyeupe, aandike yote anayoyakumbuka ya wiki nzima, kisha afungue alinganishe. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006 kwa wanafunzi waliosoma kifungu kifupi. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliwazidi waliojaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojaribu kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mfanyie hivyo kwa mada za mwaka jana na za mwaka huu. Mtazame karatasi hizo pamoja na baba yake, ndipo mwamue.

SWALI: Mwalimu, nasomea ualimu hapa Arusha. Tumefundishwa kwamba kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Darasa la watoto sabini nitaandaaje somo moja mara tatu? — Mwanachuo, Sakina

JIBU: Usiandae mara tatu, mwanangu, utachoka bure. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamfanya ajifunze zaidi. Watoto wana wanachopenda, hilo ni kweli, ila mada ndiyo inayoamua. Mistari ya kontua ya Mlima Meru, ile inayoonyesha kimo kwenye ramani, lazima waione, hata yule anayejiita wa kusikia. Shairi lazima lisomwe kwa sauti. Wenzo waushike kwa mikono: rula, kifutio na penseli chini yake vinatosha kwa dawati zima. Muda utakaouokoa, tumia kusahihisha madaftari sabini na kuona wengi wamekosea wapi. Kesho yake anzia hapo.