Tone la Jichoni, Pumzi Kifuani

SWALI: Shikamoo Bi Mfamasia. Bibi yangu ana miaka 71, anaishi Muheza. Ana pumu tangu utotoni lakini ilikuwa imetulia. Pampu ya bluu aliishika labda mara moja kwa mwezi. Sasa ni mwezi wa pili tangu aanzishiwe matone ya timololi kwa ajili ya presha ya macho, na usiku kifua kinalia kama filimbi. Anapuliza pampu mara nne, tano, haimsaidii kama zamani. Mjomba anasema ni vumbi la kiangazi. Bibi analaumu dawa ya macho, nasi tunamcheka. Anadai hata uchungu wake anausikia kooni. Kweli tone la jichoni linaweza kufika kifuani? – Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu. Acheni kumcheka. Huo uchungu wa kooni ndio ushahidi wake.

Kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna kitundu kinachopeleka machozi puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Dawa nayo hupita humohumo. Utando wa pua huifyonza na kuiingiza kwenye damu bila kupitia kwanza kwenye ini, ambako kidonge cha kumeza hupunguzwa nguvu. Kitone ni kidogo, lakini kinafika.

Sasa kikifika kinafanya nini? Tuna mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, hatuiamrishi. Mbwa akikukimbiza, ndiyo inayoupeleka moyo mbio, na adrenalini ikaipanua mirija ya mapafu upate hewa ya kukimbilia. Ujumbe huo hupokelewa na vipokezi viitwavyo beta. Jichoni, vipokezi hivyo huchochea utengenezaji wa maji ya ndani ya jicho. Timololi ikiviziba, maji yanapungua, presha inashuka. Kwa jicho ni dawa nzuri, na imetumika tangu miaka ya 1970. Ila haichagui. Ikifika mapafuni inaviziba na vya huko, mirija ya mwenye pumu inabana. Salbutamoli ya ile pampu ya bluu nayo inavitegemea vipokezi hivyohivyo. Inakuja mbio, inakuta kiti kina mtu.

Ukoo huu wa dawa tulipewa na Mskoti James Black, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Yeye alikuwa akitafuta namna ya kuupunguzia moyo kazi, macho yalikuja baadaye. Kwa hiyo msishangae pia mapigo ya moyo ya Bibi yakipimwa na kukutwa yamepungua.

Na mimi nina deni hapa. Miaka yangu ya mwanzo dukani nilimpa mzee mmoja matone haya. Nilimuuliza kisukari, nikamuuliza presha. Pumu sikuuliza, nikijua hii ni ya macho tu. Alirudi siku ya nne ameshikilia fremu ya mlango, sentensi haimalizi. Alipona, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo anayekuja kuchukua timololi kwangu huulizwa kifua kwanza.

Mpelekeni Bibi hospitali leo, kabla hajadondosha tena, na chupa ya matone na pampu vyote mkononi. Semeni wazi kwamba ana pumu. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, hiyo ni dharura. Hata kama ni usiku wa manane, tokeni. Lakini msije mkatupa chupa mkakaa nyumbani, mkidhani yamekwisha. Presha ya macho mara nyingi haiumi, inakula mshipa wa kuonea polepole, na kilicholiwa hakirudi. Dawa nyingine zipo. Latanoprosti, kwa mfano, haigusi vipokezi vya beta. Daktari wa macho ndiye atakayechagua.

Dawa yoyote atakayopewa, adondoshe tone moja, afumbe jicho, kisha abonyeze ile kona ya karibu na pua kwa kidole, dakika 2 hadi 3. Najua wazee wetu hutia matatu "ili iingie vizuri". Jicho halina nafasi hata ya tone moja zima. La pili na la tatu yanaishia shavuni, au puani.

Na akipewa hiyo latanoprosti, kope zikaanza kurefuka kama za bibi harusi, ni dawa hiyo. Mwacheni ajidai.