Ufa kati ya ukuta mpya na wa zamani

Pole, ndugu. Umeuliza kama fundi apige plasta kwenye ufa unaoingia kidole, pale vyumba vipya vilipoungana na nyumba ya mzee. Hapana, asimame kwanza. Hiyo ni kumpaka mgonjwa poda.

Nyumba ya mzee imeshakaa, msingi mpya bado unashuka. Na kama hapo ni udongo mweusi wa mbuga, huvimba mvua za Desemba zikianza, kiangazi unapasuka. Chimba pembeni uone kina cha msingi wa zamani. Kuta hizo zitenganishwe, nafasi ya kama sentimita 2 toka chini hadi juu, na bati la paa lipishane juu ya nafasi hiyo. Mimi kwangu Kizota, Dodoma, nilimwachia fundi aziunganishe kuta kwa saruji. Mlango wa stoo mpaka leo naufunga kwa bega.

Kibali cha ujenzi cha jiji unacho?