Maswali yenu kuhusu jiopaki za pwani

Swali: Kwetu kuna magenge na mapango ya kale, wamekuja watu wanataka pawe jiopaki. Sisi wavuvi si tutafukuzwa?

Hapana. Jiopaki ya UNESCO, yaani eneo lenye miamba na sura ya ardhi ya thamani kubwa kwa dunia, linalotunzwa pamoja na wenyeji wake, haikatazi mtu kuvua, kulima wala kuishi humo, mradi sheria za nchi zifuatwe, ila ile miamba yenyewe lazima iwe imeshalindwa kisheria kabla ya kuomba. Kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, ni jiopaki tangu 2010 na wale kina mama wazamiaji wanaoitwa haenyeo bado wanazamia, tena wageni wanaenda kuwaona. Mimi ninachowahofia ni viwanja, manake sehemu ikishapata jina bei inapanda, anatokea mtu na hati yake anaweka ukuta mpaka majini, sasa dau utaliegesha wapi? Njia za kushuka ufukweni na bandari zenu ndogo ziingie kwenye ramani ya mpango sasa hivi, kabla hamjasaini chochote.

Swali: Vijana wanaweza kuuza visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa wageni?

Wasiuze jamani, kikiondoka hakirudi, na wanaosimamia jiopaki hawaruhusiwi kabisa kujihusisha na biashara hiyo. Ila pwani ina jambo lake, bahari inakula genge kila siku na kisukuku kikidondoka mawimbi yanakisaga, kwa hiyo kukiacha tu hapo nako ni kukipoteza. Kule Jurassic Coast, Uingereza, upande wa West Dorset, watu wanaokota vilivyokwisha kudondoka, vile vya maana kisayansi vinaandikishwa, na kuchimba gengeni mpaka uombe ruhusa. Vijana wenu wafundishwe kuokota hivyo, halafu wawe ndio waongoza wageni, wao ndio wanajua maji yanajaa saa ngapi na pango gani ukichelewa kutoka unanasa.

Swali: Hela za kiingilio akae nazo nani?

Kamati mliyoichagua wenyewe, wanawake wakiwemo, na hesabu isomwe mkutanoni watu wote wakisikia. Mgao mkubaliane kabla tiketi ya kwanza haijakatwa.

Swali: Tukishapewa hadhi ndiyo imetoka?

Bado. Kwanza mnatakiwa muwe mmeiendesha kama jiopaki angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba, halafu kila miaka 4 mnakaguliwa upya. Kadi ya kijani mnaendelea, ya njano mnapewa miaka 2 mrekebishe, nyekundu mnanyang'anywa.