Tangawizi ndiye tuliyemjua

Swali la wiki: Je, ukoo wenu una mtu aliyevuka bahari kukimbia ufukara, habari zake zikakatika? Mlimtafutaje?

Mhariri, sisi hatukumtafuta mtu. Sisi ndio tuliotafutwa. Nimeona nijibu kutoka upande huo, maana hapa pwani ukisema ng'ambo, watu huwaza Ulaya au Ghuba. Kuna waliolala njaa wakiota ng'ambo, na ng'ambo yenyewe ikawa Mombasa.

Babu yangu alikuwa Mshihiri. Jina hilo tuliwapa sisi, kwa ajili ya bandari ya Shihr, ingawa wengi wao hawakuwa watu wa Shihr. Babu alitoka ndani kabisa, bonde la Du'an huko Hadhramaut, Yemen. Kwao riziki ilikuwa ikitoka nje: vijana wao walioko Java na Singapore walituma fedha, nyumbani watu wakala. Mwaka 1942 Wajapani wakaziteka nchi zile, fedha zikakatika, na mvua nayo ikagoma. Mwaka 1943 na 1944 watu walikufa kwa njaa. Ukame ukarudi 1948 na 1949, na hapo ndipo babu aliposhuka Mukalla akapanda jahazi la kaskazi. Nyuma aliacha mke, na mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Mombasa alianza na mzegazega: ufito begani, debe la maji mbele na debe nyuma, mlango kwa mlango. Baadaye akauza kahawa. Baba humkumbuka hivyo, dele la shaba mkono mmoja, makaa yakiwaka chini yake, na mkono wa pili vikombe vikigongana, kakaka, mtaa mzima ukajua anapita. Tangawizi aliitia kwa mkono wa kutojali bei, ndipo watu wakamwita Tangawizi. Kitambulisho chake kilikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake. Jina la ukoo, lile linaloanza na Ba, ambalo kwao ndilo linalomtambulisha mtu, halikuandikwa. Kwa hiyo mtu wa kutafutwa kwa jina hilo Mombasa hakuwapo. Alikuwapo Tangawizi, ambaye kwao hakuna aliyemjua.

Aliyetutafuta ni kijana wa Jeddah, mjukuu wa yule mke aliyeachwa. Mkononi alikuwa na bahasha moja tu. Na bahasha hiyo, badala ya kumsaidia, ilimzungusha miaka. Stempu yake ni ya enzi ya Mfalme George, na juu yake imeandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika, zote tatu, kwani zama hizo posta ilikuwa moja. Muhuri umefifia. Sasa mtu wa Jeddah ataanzia wapi? Akaanzia Kampala, kwa sababu alimjua dereva mmoja wa huko. Kisha Dar es Salaam, kisha Tanga. Kila msimu wa Hija aliwaendea mahujaji wetu na picha ya bahasha kwenye simu, akawauliza mmoja mmoja.

Mwaka 2019 hujaji mmoja wa Mombasa aliikuza ile picha, asishughulike na stempu. Akasoma mstari ambao kijana alikuwa akiuruka: "kwa mkono wa" fulani. Washihiri wasio na anwani barua zao zilipitia duka la tajiri wao, na jina la tajiri huandikwa hapo. Hujaji alilijua duka. Zamani likiuza papa mkavu aliyeletwa na majahazi kutoka kwao huko huko, leo linauza kava za simu. Mtoto wa mwenye duka bado yuhai, hukaa barazani kila siku baada ya alasiri. Alipotajiwa jina la babu alitikisa kichwa, hamjui. Alipoambiwa Du'an, akasema: "Aliyekuwa akija kuuliza barua za Du'an ni Tangawizi. Wanawe wako Majengo."

Basi wakatupigia, simu ya picha, jioni ya Ijumaa. Kwenye kioo alikuwapo yule kijana, na pembeni yake mzee mwenye kilemba, miaka sabini na kitu: yule mtoto aliyeachwa akitambaa. Huku kwetu alikaa baba. Baba hana Kiarabu ila cha kusalia. Ndugu yake hana Kiswahili hata neno. Salamu zikaisha kwa nusu dakika, wakabaki wakitazamana, nami nikawa nahangaika na Kiarabu changu cha madrasa kutafuta la kuwaambia.

Mara yule mzee akaanza kutaja majina. Fulani bin fulani bin fulani. Baba akaweka kikombe chini. Utotoni babu alikuwa akimshika sikio kila usiku kabla ya kulala, mpaka azitaje nasaba saba, na akikosea harudishwi nyuma kwa upole. Mzee alipofika jina la tatu, baba akaingia. Wakaenda pamoja, la nne, la tano, mpaka la saba, huyu kwa lafudhi ya Du'an na yule kwa lafudhi ya Majengo. Walipomaliza wakarudia tangu mwanzo. Hakuna mtu aliyewaomba warudie.

Ningependa niishie hapo, lakini ukweli haukuishia hapo. Simu ilipokatwa, shangazi yangu, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya mlangoni, alisema: "Hawa wataka nyumba."

Nyumba yenyewe ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, na kama nyumba nyingi za Majengo, ni nyumba bila ardhi: kuta ni zetu, chini pana mwenyewe. Babu alipofariki 1974 warithi walikuwa bibi yangu, baba na shangazi. Kule Du'an hakutajwa mtu. Wiki ile ile shangazi alikwenda kwa ustadhi, na ustadhi akapiga hesabu upya nyuma ya bili ya stima. Mafungu 80. Wake wawili wagawane thumuni, matano kwa matano. Kila mwana wa kiume 28. Shangazi 14. Yule mke wa Du'an naye amefariki, na hana mrithi mwingine ila mwanawe, hivyo matano yake yanakwenda kwa yule mzee wa Jeddah: 33. Shangazi alirudi na ile karatasi akaiweka mezani kama mtu anayeweka samaki aliyeoza.

Lakini Jeddah hawakuuliza nyumba. Waliuliza tarehe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yao na ndiyo yetu, kauli ya baadaye ya Imamu Shafi mwenyewe ni kwamba mke wa mtu aliyepotea hukaa mpaka ijulikane kwa yakini kuwa mumewe kafa. Basi yeye akakaa. Alifariki 1991, miaka 17 baada ya babu, bila kujua kuwa ni mjane. Eda hakuikaa. Matanga hayakuwekwa. Walitaka siku na mwezi wa kufa kwa babu ili wamsomee khitima siku hiyo, ya kwake na ya mkewe pamoja.

Kwa nini babu aliacha kuandika? Baba anailaumu posta, na tena serikali ya kule baada ya Waingereza kuondoka Aden 1967. Mimi siamini. Barua ya mwisho ni ya 1954, na bibi yangu aliolewa 1955. Lakini simhukumu kwa hilo peke yake. Mtu aliyetumwa na kijiji kizima akatafute, kisha mfukoni hana kitu, huona haya kupeleka karatasi tupu. Akiruka mwaka mmoja, wa pili unakuwa mzito zaidi. Wengi mnaodhani wamepotea, nadhani wamejificha.

Kwa hiyo anayemtafuta wa kwake asianze na jina. Aulize alikuwa akiuza nini, mtaani wakimwitaje, na barua zake zilipitia kwa nani. Na kama bado kuna mzee anayejua nasaba, mshikeni leo akuandikieni.

Mwezi uliopita waliturudia na zawadi, kupitia mtu aliyetoka Umra: chupa ya asali ya mkunazi ya Du'an, imefungwa kwa nta na kitambaa. Baba alitaka kuifungua pale pale. Shangazi akaipokonya, akaipandisha juu ya kabati. Mpaka leo iko huko. Anasema haifunguliwi mpaka aambiwe asali hii ni tunu au ni arubuni.