Kifaa cha kuchochea ubongo na ugonjwa wa Parkinson
Umeuliza kama kifaa cha kuchochea ubongo kwa umeme kitamponya mzazi wako ugonjwa wa Parkinson. Hakiponyi, wala hakizuii ugonjwa kuendelea, ila kwa mgonjwa anayefaa kinaweza kupunguza sana mtetemeko, ukakamavu wa misuli na uzito wa mwendo. Daktari wa upasuaji hupitisha nyaya nyembamba hadi sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, kisha huziunganisha na betri inayowekwa chini ya ngozi ya kifua, ambayo mara nyingi hutuma mapigo ya umeme takriban 130 kwa sekunde. Daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid na wenzake waliifungua njia hii huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Jambo ninalokusihi ulitazame mapema ni hili: dalili zinazotulia mgonjwa anapomeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndizo kwa kawaida zinazotulia kwa umeme, isipokuwa mtetemeko, ambao huweza kupungua hata pale dawa iliposhindwa. Usahaulifu kwa kawaida haupati nafuu, na matamshi huweza hata kuharibika zaidi. Hatari ya kuvuja damu ubongoni ni ndogo lakini ipo, na ya maambukizi pia, kwa hiyo mwombeni daktari wa mishipa ya fahamu ampime kabla na baada ya kumeza dawa.